Utingo wa Aya ya Tatu

Malaba, 3 Juni 2024

Kwako Baba mdogo Ilukor,

Yoga noi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na macho yako hayajazidi kukusumbua. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, ingawa ukimuuliza atasema yeye hasalimii mtu asiyekuja nyumbani. Mahindi yametoka vizuri. Mwezi uliopita tulifanya misa ya Baba, mwaka wa kumi na saba sasa. Padri alichelewa, wazee wakauzunguka mtungi wa pombe ya ajono bila kumngoja, na alipofika akakuta nusu ya waumini wanaimba wimbo usio wa kanisa. Mzee Ejoku aliuomba mrija wako wa kunywea, ule mrefu uliouacha ukining'inia ukutani, lakini Mama akamnyima. Alisema mwenyewe yuko hai.

Sasa nije kwenye shida yangu, maana najua unajiuliza kwa nini nimeandika karatasi na kuipeleka ofisi ya basi badala ya kupiga simu. Simu zangu huzikata mapema, Baba mdogo. Tena hii ni kazi ya kalamu nyekundu, na kalamu nyekundu unayo wewe, msomaji wa prufu wa miaka yote hiyo huko Nakuru.

Nimeandika riwaya. Usicheke. Nimeiandika hapa saiberi, kati ya dereva anayetaka kuchapiwa barua ya likizo na mwingine anayetaka kupigiwa picha ya pasi. Wachapishaji fulani wa Nairobi wanapokea miswada mipya hadi mwisho wa Agosti, lakini kwanza wanataka barua ya ukurasa mmoja ya kuuombea mswada usomwe. Wasipoipenda barua, mswada hawaufungui. Nimekuwekea barua yenyewe hapa. Ikosoe bila huruma.

*Kwa Mhariri Mkuu,*

*Mimi ni mwandishi chipukizi kutoka Malaba, na tangu utotoni nimependa sana fasihi. Kwa heshima na taadhima naomba kuwaletea mswada wangu wa kwanza.*

*Riwaya yangu inaitwa Foleni. Ina kurasa mia mbili na kumi na mbili, na kila aliyeisoma ameipenda.*

*Ni kisa cha dereva wa lori anayeugua malaria akiwa kwenye foleni ya forodha mpakani. Makaratasi ya mzigo hayajatoka, na hawezi kuliacha lori. Tegemeo lake ni utingo wake, lakini utingo anamwacha peke yake kwenye kebini na kwenda kunywa pombe kijijini. Dereva anafariki. Bintiye wa miaka kumi anakua akimwona utingo huyo barabarani kila siku. Je, mtu wa namna hiyo anastahili kusamehewa?*

*Nitashukuru mkiniruhusu kuwatumia mswada wote.*

Unaona mwenyewe ni kisa cha nani. Sijamwambia Mama bado.

Mwanao,
Alaso

Nakuru, 9 Julai 2024

Mwanangu Alaso,

Eyalama noi kwa barua yako. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeanza kunitabiria mvua. Nimechelewa kukujibu, nisamehe. Vitabu vya shule vimetujaa mezani na kila mwalimu anataka chake kitoke kabla ya cha mwenzake. Mwambie shemeji nimezipokea salamu zake, hata kama hakuzituma.

Nakurudishia barua yako. Aya ya kwanza ifute yote. Mhariri hana haja ya kujua kwamba ulipenda fasihi utotoni. Wote wanaomwandikia walipenda fasihi utotoni. Heshima na taadhima ni za barua ya kuomba kazi kwa chifu. Usijiite chipukizi, waache waseme wao. Anza na mtu, umweke mahali, umpe shida, na mhariri atasoma mstari wa pili.

"Kila aliyeisoma ameipenda." Ni wangapi? Kama ni wewe na yule rafiki yako Nerima wa duka la unga, toa hapo. Kurasa ziende mwishoni. Sema pia unaishi wapi na unafanya kazi gani, maana mtu anayefanya kazi hatua mia mbili kutoka kwenye hiyo foleni anaaminika kuliko mwenye digrii.

Kuhusu hadithi yenyewe, mimi ni mtu wa koma na nukta, si mhakiki. Ila ningekushauri umwondoe utingo. Dereva, ugonjwa na foleni vinatosha. Ugonjwa hauna jamaa wa kuumia ukisomwa. Wewe ni kijana bado, una visa vingine vingi. Na si kila kilichotokea nyumbani ni lazima kipelekwe Nairobi.

Jihadhari na baridi ya asubuhi.

Baba mdogo,
Ilukor

Malaba, 16 Julai 2024

Baba mdogo,

Yoga. Sisi wazima. Ng'ombe wa Mama amezaa ndama jike, na Mama amekuwa mpole kwa siku tatu, jambo ambalo limetutia wasiwasi.

Barua yako nimeipata na nimecheka peke yangu hadi wateja wakanitazama. Kweli walioisoma ni mimi na Nerima. Nimefuta aya ya kwanza. Sasa inaanza hivi: "Ekwaro ana homa, lori lake ni la arobaini kwenye foleni, na mtu mmoja tu ndiye anayeweza kumsaidia." Nerima anasema inamvuta.

Lakini utingo simtoi. Nikimtoa, kitabu hakina mifupa. Baba mdogo, wewe umeshika kalamu nyekundu ukanichinjia karatasi nzima, mpaka nukta za mkato, ila aya ya tatu hukuigusa. Hata koma moja hukuiongeza. Nimeishika karatasi nikaiangalia kwa mwanga wa dirisha, nikafikiri labda macho yalikuchoka.

Nataka kujua zaidi kuhusu siku ile na hakuna wa kumuuliza ila wewe. Wewe ndiwe uliyekuwa karani wa wakala wa forodha aliyeshughulikia mzigo wa Baba. Makaratasi yalikwama wapi? Mama anasema wewe ndiwe uliyemwona Phanuel, utingo wake, kwenye mtungi huko Moding, wakati Baba anatetemeka kwenye lori. Alikuwa amekaa vipi? Alikuwa anacheka? Nataka kuiandika sura hiyo vizuri.

Phanuel bado yupo. Anaziba pancha pale mbele ya stendi ya malori. Mama baiskeli yake ikitoboka huisukuma mpaka Amagoro, kilomita zote hizo, kuliko kumpa yule mtu. Watu wa hapa humpa kazi lakini hawamwaliki. Kwao ni Sigalame, hana ndugu huku wa kumsemea, na sijui kwa nini hakurudi kwao. Mimi humpita kila asubuhi. Huniamkia, nami humwitikia kwa kichwa tu.

Nijibu upesi. Agosti haingoji mtu.

Alaso

Malaba, 30 Agosti 2024

Baba mdogo,

Nimengoja wiki sita. Nimekupigia, hushiki. Kama unaumwa, niambie.

Leo nilienda Busia, nikaituma barua kwa posta ya pale, kwa sababu wanataka karatasi. Nimefuata masahihisho yako yote. Utingo yumo. Mwishoni nimeongeza kwamba ni kisa cha kweli. Wote hatujambo.

Alaso

Malaba, 21 Oktoba 2024

Baba mdogo wangu,

Sijui kama bado umeninunia, lakini hii siwezi kukunyima. Wamejibu. Wanataka mswada wote kabla ya mwisho wa Novemba. Mhariri anaitwa Bi Awino. Anasema barua yangu ilikuwa safi kuliko nyingi alizopokea mwaka huu, na hiyo safi ni kalamu yako, kwa hiyo nusu ya furaha chukua.

Mama nimemwambia. Alisema, "Sawa. Angalau mtu ataandika vile huyo mtu alitufanyia." Akaenda kukamua.

Bi Awino amempenda utingo kuliko wote. Anasema hajawahi kumchukia mtu kwa sentensi mbili namna ile. Ameniuliza kama yuko hai, na kama ningeweza kuandika dibaji fupi ya kueleza tukio lenyewe, na jina lake nikitaka. Nimefikiri sana, na nadhani nitaliandika. Phanuel hajawahi kumwomba mtu msamaha. Miaka kumi na saba, hata neno moja. Wacha basi asome.

Namaliza dibaji wiki ijayo. Ungekuwa karibu ningekusomea.

Alaso

Nakuru, 4 Novemba 2024

Mwanangu Alaso,

Sina salamu za kuanzia. Nimejaribu nne na zote nimezikata.

Usiandike jina la Phanuel. Tafadhali. Soma barua hii hadi mwisho, kisha mpe mama yako naye aisome.

Makaratasi ya baba yako hayakukwama popote. Yalitoka Alhamisi asubuhi, saa tatu, yakiwa na mihuri yote. Niliyatia kwenye mkoba wangu ili nimpelekee kwenye foleni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na mwezi wa pili kazini. Alhamisi hiyohiyo nilikuwa nimeitwa Moding, kwa akina Among, msichana niliyetaka kumwoa. Nikasema, wacha nipitie kule kidogo, nisalimie, kisha niende kwa kaka. Sikujua kwamba anaumwa. Hilo ni kweli, na ndilo pekee ninaloweza kujitetea nalo.

Baba yake Among akanipa mrija kwenye mtungi wake. Wewe ni mtoto wa Kiteso, unajua maana yake. Mgeni wa ndoa hainuki kabla ya maji ya moto kuongezwa mtungini mara ya pili. Ukiinuka umeidharau nyumba, na msichana umemkosa. Nilikaa. Mkoba ulikuwa katikati ya miguu yangu.

Alasiri Phanuel akaja kwa bodaboda. Alikuwa ameulizia njia nzima mpaka akanipata. Akachuchumaa nyuma yangu akaninong'oneza, "Boss, mzee amezidiwa. Anataka makaratasi avuke, aliweke lori kwenye yadi ya Tororo, ndio aende hosi. Amekataa kuacha mzigo. Twende na mimi saa hii." Wazee walikuwa wananitazama. Nikamwambia, "Tangulia, nakuja."

Angeniomba mkoba ningempa? Nimejiuliza mara nyingi. Hakuomba, kwa sababu utingo hapewi makaratasi ya mzigo, na yeye alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Alinisubiri kwenye ua kwa muda. Nikamwambia tena, nakuja. Akaenda.

Maji yaliongezwa mara ya pili, na ya tatu. Nilifika kwenye foleni Ijumaa asubuhi na makaratasi mkononi. Walikuwa wamekwisha kumteremsha wakimpeleka hospitali ya Kocholia. Hakufika.

Kwenye matanga wazee waliuliza utingo alikuwa wapi Alhamisi, maana madereva wenzake walisema waliona lori halina mtu ila mgonjwa. Nami nikasema, "Mimi nilimwona Moding, kwenye mtungi." Ni hayo tu niliyosema. Kila neno lilikuwa kweli, Alaso, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Walipouliza kuhusu makaratasi nilisema yalichelewa. Phanuel alikuwa amesimama pale nje ya turubai. Alinitazama, na sikuweza kumtazama.

Among sikumwoa. Kazi niliiacha mwaka uleule. Nimekaa huku nikitafuta makosa ya watu wengine kwa ujira. Mama yangu alizikwa nikiwa Nakuru, kwa sababu ningekuja ningempita Phanuel barabarani.

Barua yako ya Juni nilikaa nayo wiki tano. Nilifika aya ya tatu kila jioni nikaweka kalamu chini. Ningekuambia Julai, hungetuma. Nilinyamaza nikitumaini kwamba watakataa. Nilimwombea mtoto wa kaka yangu akataliwe. Ndiye baba mdogo uliye naye.

Dibaji ukiiandika, jina ni Ilukor.

Malaba, 19 Novemba 2024

Baba mdogo,

Mama ni mzima. Ndama anakua. Mimi nilikuwa mgonjwa kwa hasira kwa siku mbili, nikafunga saiberi.

Sina maneno mazuri ya kukupa, kwa hiyo nitakueleza yaliyotokea kwa mpangilio.

Barua nilimsomea Mama jikoni akichambua maharage. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema nirudie pale uliposema nakuja. Nikarudia. Akaniuliza ulisema mara ngapi. Nikamwambia mara mbili. Akatikisa kichwa akaendelea na maharage mpaka yakaisha.

Siku ya tatu nikaenda kwa Phanuel. Nimempita mtu huyo tangu nikiwa na miaka kumi na sikuwahi kuketi kwenye ile benchi yake ya mbao. Niliketi. Nikamwambia umeandika, na umeandika nini. Alikuwa na tairi mkononi. Nakuandikia maneno yake kama alivyosema, sijasahihisha.

"Mimi nilijua, dada. Makaratasi ilikuwa kwa mkoba, niliona hata kona yake. Lakini niliporudi kwa lori mzee aliniuliza, umempata? Nikasema nimempata, yuko kwa pombe ya kuoa. Mzee akacheka, na vile alikuwa mgonjwa. Akasema, Phanuel, hii usiseme kwa ofisi. Huyu kijana ndio ameanza kazi, watamfukuza. Nikasema sawa mzee. Sasa mzee akakufa. Mimi ningebadilisha aje kitu nimesema sawa?"

Nikamuuliza, hata watu walipomwita muuaji? Akasema kwao Sigalame mama yake alimwita arudi, lakini angerudi watu wangesema amekimbia. "Na nilikuwa nangoja yeye mwenyewe aseme. Alisema anakuja."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya madereva wote. Kwa sababu si wewe peke yako, Baba mdogo. Mimi nimemwandika mtu huyo kurasa mia mbili na kumi na mbili. Nimempa meno ya njano na kicheko kibaya, na nilikuwa naona raha. Sikuwahi kumuuliza swali moja, na kutoka saiberi kwangu mpaka benchi yake ni kama ukitupa jiwe. Nilikuuliza wewe uliye Nakuru kama alikuwa anacheka.

Jana asubuhi Mama alitoa baiskeli. Nilimwona nikiwa dirishani. Magurudumu yalikuwa mazima. Akainama, akafungua vali, akatoa pumzi yote ya tairi la nyuma kwa kidole chake mwenyewe. Kisha akaisukuma mpaka stendi ya malori. Nilimfuata kwa mbali. Phanuel alilizamisha tairi kwenye beseni la maji, akaligeuza, akaligeuza tena. Akasema, "Mama, hii haina pancha." Mama akasema, "Najua. Jaza tu."

Akangoja akiwa amesimama mpaka lilipojaa. Wakati wa kuondoka akamwambia misa ya Krismasi iko nyumbani kwetu, na mtungi utakuwepo.

Kuhusu jina lako, sitaliandika kwenye dibaji. Kitabu si mahali pako pa kujificha. Hilo utalisema mwenyewe kwa mdomo, na Mama na Phanuel wakiwa wamekaa mbele yako. Kwa Bi Awino nimeandika barua nyingine, nayo hii hapa. Labda ataukataa mswada. Barua hii sikuletei uikosoe, nakuletea uione.

*Mpendwa Bi Awino,*

*Mswada wa Foleni sitautuma Novemba hii. Una kosa, nalo liko kwa utingo. Niliandika kwamba alimwacha dereva wake. Ukweli ni kwamba alikwenda kumtafutia msaada, akanyimwa, akarudi, akakaa naye hadi mwisho. Kisha akabeba lawama ya mtu mwingine kwa miaka kumi na saba kwa sababu marehemu alimwomba. Yuko hai. Uliniuliza, nami nikakujibu ndiyo kabla sijawahi kuzungumza naye. Nitaanza upya kuanzia sura ya kwanza, na safari hii atanisimulia yeye. Kama hamtaweza kungoja, nitaelewa.*

Mrija wako bado uko ukutani. Mama ameuosha.

Alaso

Nakuru, 25 Novemba 2024

Mwanangu Alaso,

Nimeisoma barua ya Bi Awino mara tatu na kalamu iko mezani imefunikwa. Usiongeze kitu.

Kumbe kaka alicheka. Miaka yote hii nilimwona kwenye kebini akinilaani. Sijui lipi ni zito kati ya hayo mawili. Leo nimeshindwa kufanya kazi. Nimekaa na ukurasa mmoja wa kitabu cha Darasa la Nne tangu asubuhi.

Mwambie shemeji asinipikie. Mwambie Phanuel asije kunipokea nikishuka. Nitamfuata mimi hadi kwenye benchi yake, kwa miguu, na sitaki kupita nyumbani kwanza kusalimia mtu. Akitaka kuninyima mkono, aninyime watu wakiona.

Neno lililobaki nimeogopa kuliandika, kwa sababu wewe, yeye na mama yako mnajua lina thamani gani mdomoni mwangu. Kwa hiyo leo nimetangulia stendi nikakata tiketi ya Ijumaa, na nimeibana kwenye karatasi hii uishike wewe. Dereva wa basi ananifahamu, atanipandisha bila hiyo.

Nakuja.

Ilukor